Acheni kumwambia avumilie

Juzi tena. Mteja ameketi mbele yangu, kaka yake amemsindikiza, na kabla sijamaliza swali la pili kaka akadakia: "Daktari, mimi nimemwambia avumilie. Mvumilivu hula mbivu. Huyo bosi anayemwonea atachoka mwenyewe." Mdogo wake akainamisha kichwa. Alikuwa amevumilia miezi 11, na kila usiku alikuwa hapati usingizi wa zaidi ya muda wa saa nne.

Ushauri huo nimeusikia mara nyingi mno, na karibu kila mara unatoka kwa mtu anayempenda mgonjwa. Ndiyo maana naandika. Subira inafaa kwa jambo lenye mwisho: masomo, deni, mguu uliovunjika. Unyanyasaji kazini hauna tarehe ya kuisha, na sehemu kubwa ya madhara yake inaletwa na huko kurudiwarudiwa. Ukimwambia mtu avumilie wiki moja zaidi, umemwongezea dozi ya kile kile kinachomuumiza.

Heinz Leymann, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Uswidi, alianza kulichunguza jambo hili miaka ya 1980. Kipimo chake kilikuwa vitendo vya uhasama angalau mara moja kwa wiki, kwa muda usiopungua miezi 6, dhidi ya mtu aliyebanwa mahali ambapo hawezi kujitetea. Aliorodhesha vitendo 45. Ukivisoma kimoja kimoja utaona jinsi vingi vilivyo vidogo: kukatizwa unapozungumza, kutosemeshwa, kupewa kazi isiyo na maana, kuigizwa unavyotembea. Hapo ndipo ndugu na marafiki wanapopotea. Mtu anarudi nyumbani anasema, "Leo amewaita wote kikaoni isipokuwa mimi." Anayesikiliza anapima tukio hilo moja, analiona jepesi, anajibu, "Labda alisahau." Haba na haba hujaza kibaba, lakini nyumbani inaletwa punje moja kila jioni. Msimulizi anabeba kibaba kizima. Msikilizaji ameonyeshwa punje.

Miezi 6 ni kipimo cha mtafiti. Wewe usiisubiri itimie. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unahesabu ukatili na unyanyasaji hata ukitokea mara moja. Na bosi anayedai ripoti kwa wakati, tena anayemdai kila mtu vivyo hivyo, si mnyanyasaji. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Linalohitaji maelezo marefu ni hili, nalo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Watu husema, "Lakini kweli kazi yake imeshuka." Ndiyo, imeshuka. Mtu ambaye kila asubuhi anaingia ofisini mwili ukiwa tayari kwa hatari, moyo unadunda kwa kusikia tu viatu vya mtu fulani ukumbini, anapoteza usingizi kwanza. Usingizi ukienda, umakini unafuata. Anasahau kiambatisho kwenye barua pepe, anakosea hesabu ambayo mwaka jana angeifanya amefumba macho. Kila kosa linaandikwa. Siku moja anafoka mbele ya watu, na hilo nalo linaandikwa. Mwishowe malalamiko yanapofika utumishi, mezani kuna faili la mfanyakazi mkosaji, mwenye hasira, anayeumwa mara kwa mara, na upande wa pili kuna mkuu wa idara mtulivu anayepata usingizi wa muda wa saa nane kila usiku. Nani ataaminiwa? Jeraha limegeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya aliyejeruhiwa.

Leymann alilalamika kwamba hata madaktari wa magonjwa ya akili huingia mtego huo: wanamwona mtu mwenye shaka na kila mtu, anayerudia kisa kimoja bila kuchoka, wanamwandikia kuwa ana kasoro ya nafsi. Nami nimewahi kuingia. Mwanzoni mwa kazi yangu nilitumia vikao vitatu kumuuliza mama mmoja kuhusu utoto wake, kabla sijamuuliza ofisini kwake kunatokea nini. Hakurudi kikao cha nne, na simlaumu.

Sasa mashaka yangu. Tafiti zinazofuatilia watu kwa miaka zinaonyesha njia mbili: unyanyasaji huleta sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na wasiwasi, lakini pia mwenye sonona au wasiwasi yuko kwenye hatari zaidi ya kuja kunyanyaswa. Wenzangu wengi hawapendi kulisema la pili, wakiogopa litatumiwa kumlaumu mwathirika. Mimi naliona kama habari za mwindaji: anamfuata aliyechechemea. Pia kuna suala la jina la ugonjwa. Naona watu wenye ndoto za kutisha, wanaokwepa hata barabara ya kuelekea ofisini, wanaoshtuka simu ikilia. Dalili ni zile za msongo baada ya kiwewe. Lakini mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, DSM-5, unataka pawepo kifo au tishio lake, jeraha kubwa au ukatili wa kingono. Mtu aliyedhalilishwa miaka miwili hana mahali pa kuingia, na ninaandika jina jingine nikijua halimtoshi.

Kuhusu la kufanya, mazoezi ya mwili na kupumua taratibu yanasaidia, fanya, lakini hayamwondoi bosi. Ukiweza kumkabili anayekuonea, iwe mapema, kabla hajapata wafuasi. Usuluhishi wa kuwaketisha wawili meza moja siupendi pale ambapo mmoja ndiye anayeandika tathmini ya mwenzake. Yule wa cheo cha chini ataomba msamaha kwa kosa asilolijua. Kuondoka si kushindwa, ila barua ya kujiuzulu isiandikwe usiku, wala katika wiki mbaya kuliko zote. Nimeona walioondoka wakapona mwezi wa pili, nimeona pia walioondoka wakaendelea kuumia miaka, na hadi leo siwezi kutabiri nani atakuwa yupi. Ukianza kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo, usingoje miadi ya wiki ijayo; mwambie mtu leo, na mwende hospitali leo hii.

Na andika. Tarehe, saa, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Weka kumbukumbu hizo nje ya kompyuta ya ofisi. Lakini daftari lina hatari yake: mtu analisoma kila usiku, akili inacheua yale yale mpaka alfajiri, na kilichokusudiwa kumlinda kinamla.

Kwa hiyo juzi nilimgeukia kaka. Nilimwomba aache neno "vumilia" na badala yake kila jioni aulize mambo mawili: leo kimetokea nini, na usiku wa jana ulipata usingizi kwa muda wa saa ngapi. Mdogo aandike mara moja, afunge, daftari akabidhiwe kaka alale nalo chumbani kwake. Kaka alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama na yeye anaruhusiwa kulisoma. Mdogo wake ndiye aliyejibu: "Soma, kaka. Lisome lote tangu mwanzo."