Membe alipata kura ngapi? Inategemea unauliza zipi

Tukifundisha elimu ya uraia hapa Lindi, jina la Bernard Membe halichelewi kutajwa, na likitajwa hufuatwa na namba moja: 81,129. Ndizo kura alizopata alipowania urais mwaka 2020 kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. John Magufuli wa CCM alitangazwa kupata 12,516,252, Tundu Lissu wa Chadema 1,933,271. Ukiishia hapo utadhani Membe hakuwahi kukubalika kwa mtu.

Basi juzi nikachora mistari mitatu ubaoni.

Wa kwanza nikauandika Mtama. Mzaliwa huyo wa Rondo aliingia bungeni kwa jimbo hilo mwaka 2000, akarudi 2005, akarudi tena 2010. Wengi humkumbuka kwa Wizara ya Mambo ya Nje aliyoishika tangu Januari 2007 hadi 2015, wakasahau njia aliyopitia. Katiba inataka waziri awe mbunge. Rais anaweza kuteua wabunge, ndiyo, lakini nafasi hizo hazizidi kumi. Mama wa Mtama aliyepanga foleni asubuhi na kadi yake mkononi alikuwa anachagua mbunge. Uwaziri ulikuja juu ya kura hiyo hiyo.

Mstari wa pili ndio uliozua ubishi, maana hapo mwananchi hakuulizwa. Julai 2015 Membe aliomba CCM imsimamishe kugombea urais, akaingia tano bora. Kwenye tatu bora hakuwemo: walipita Magufuli, Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro. (Migiro ndiye aliyemwachia kiti cha Mambo ya Nje alipokwenda Umoja wa Mataifa. Siasa ina utani wake.) Kura hizo zilikuwa za vikao vya chama, kwa hiyo usizijumlishe na za Mtama.

Wa tatu ni 2020. Februari CCM ilimvua uanachama. Angekuwa bado mbunge, jimbo lingeondoka siku hiyo hiyo. Lakini ubunge alishauacha 2015. Ila ibara ya 39 ya Katiba haina mgombea urais asiye na chama, ndiyo maana Julai akahamia ACT-Wazalendo. Kampeni zikiwa zimepamba moto, viongozi wakuu wa chama hicho, Maalim Seif Sharif Hamad akiwemo, wakamuunga mkono Lissu. Membe akashikilia kwamba yeye bado ni mgombea, na jina likabaki kwenye karatasi ya kura.

Mwaka 2022 CCM ilimpokea tena. Alifariki Mei 12, 2023, akazikwa kwao Rondo.

Nilipoweka chaki chini, mzee mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Alitaka kujua hizo 81,129 ni za waliompenda Membe, au za wasiosikia kwamba chama kimeshahama. Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaandika swali lake pembeni ya namba.