Venus wa Botticelli hazaliwi, anawasili
Kwa muda mrefu imeaminika kwamba mchoro wa msanii wa Italia Sandro Botticelli uitwao "Kuzaliwa kwa Venus", uliochorwa mjini Florence katika miaka ya 1480 na ambao sasa umo katika jumba la makumbusho la Uffizi mjini humo, unaonyesha Venus, mungu wa kike wa mapenzi, akizaliwa. Sivyo. Katika masimulizi ya Hesiod, mshairi wa Ugiriki ya kale, kuzaliwa kwenyewe kulitokea katikati ya bahari, ndani ya povu lililozuka pale viungo vya uzazi vya Uranus, mungu wa anga, vilipotupwa majini, tukio ambalo, tukubali, lisingependeza ukutani. Botticelli alichagua hatua ya baadaye: Venus, tayari mtu mzima, amesimama juu ya kombe la baharini, upepo unamsukuma kuelekea nchi kavu, na ufukweni mwanamke anamsubiri na joho la maua.