Tezi za adrenali zikishindwa kazi: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Juu ya kila figo pana tezi ndogo iitwayo adrenali. Ndiyo inayotengeneza kotisoli, homoni inayosaidia kushikilia presha na sukari ya damu na kuuwezesha mwili kuhimili homa, ajali au upasuaji. Homoni hii ikipungua sana bila kutibiwa, mtu anaweza kufa. Hata hivyo, kuanzia Kampala hadi Busia, dalili zake hupewa majina mengine kabisa.

“Amekonda, amekuwa mweusi. Ni Ukimwi huo, au karogwa.”

Kukonda, kutapika, kizunguzungu ukisimama na hamu kubwa ya chumvi vinaweza kutokana na tezi hizi. Weusi nao una mahali pake: ufizi, mistari ya viganja, makovu mapya. Kwa ngozi zetu si rahisi kuuona, kwani wengi tumezaliwa na ufizi mweusi. Kinachopaswa kushtua ni mabadiliko, na ndugu wa nyumbani huyaona kabla ya daktari. Daktari Mwingereza Thomas Addison alipoueleza ugonjwa huu London mwaka 1855, kifua kikuu kilikuwa miongoni mwa visababishi alivyovikuta. Ulaya ya leo, mara nyingi ni kinga ya mwili inayoshambulia tezi zake yenyewe. Kwetu kifua kikuu bado hakijaondoka, na VVU pia vinaweza kuchangia. Kwa hiyo kipimo cha VVU, kiwe na majibu gani, hakimalizi uchunguzi.

“Ni uchovu wa adrenali tu, nunua virutubisho.”

Ugonjwa wa jina hilo hautambuliwi na madaktari bingwa wa homoni. Upungufu wa kweli hupimwa: damu ya asubuhi, karibu saa mbili, huangaliwa kotisoli, na pakiwa na shaka mgonjwa huchomwa sindano ya kuichochea tezi, kisha hupimwa tena.

“Steroidi ni sumu. Ukipata nafuu, acha.”

Hili ndilo linaloua. Steroidi ni dawa zinazofanya kazi kama kotisoli, na mgonjwa huyu hazimezi kwa ajili ya kutuliza uvimbe. Anarudishiwa kile ambacho mwili wake ungejitengenezea. Mtu mzima kwa kawaida hupewa haidrokotisoni miligramu 15 hadi 25 kwa siku, kwa mafungu mawili au matatu, kubwa likiwa la alfajiri. Isipopatikana, prednisoloni miligramu 3 hadi 5 hutumika. Tezi zenyewe zikiwa zimeharibika, huongezwa fludrokotisoni ya kuzuia chumvi isipotee, na hapo ushauri wa jirani wa “punguza chumvi” haumfai.

Akishikwa na homa, malaria kwa mfano, haachi dozi: huiongeza mara mbili au tatu kama alivyoelekezwa na daktari wake. Akitapika na vidonge havikai tumboni, ni dharura: sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 na dripu ya maji ya chumvi, bila kungoja majibu ya maabara. Tena, anayeanza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini amkumbushe daktari, maana rifampisini huharakisha kuvunjwa kwa kotisoli na dozi ya jana huweza isitoshe.

“Mimi ni mzima, nakunywa tu vidonge vya kunenepa.”

Baadhi yake huwa ni deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Krimu za kung’arisha ngozi zenye klobetasoli, steroidi nyingine, zimo humo humo, pamoja na baadhi ya dawa “za mitishamba” za pumu na viungo zilizochanganywa steroidi kisirisiri. Ukizitumia muda mrefu, ubongo huacha kuziamrisha tezi, nazo hulala. Ukikatisha ghafla, unabaki huna kotisoli ya dukani wala ya mwilini. Aina hii haileti weusi, ndiyo maana hupita bila kushukiwa. Mpelekee daktari pakiti au kopo lenyewe, akupangie namna ya kupunguza polepole.

Na anayeishi na upungufu huu atembee na kikaratasi mfukoni: jina la ugonjwa, dawa, dozi, na maneno “asikatishiwe steroidi”. Bodaboda ikimwangusha akafikishwa hospitali hajitambui, hakuna mwingine atakayemsemea.