Mafuriko ya Mto Tana: hivi kweli kuna anayefungulia Masinga?

Kila mvua zinapozidi, katika kaunti za Garissa na Tana River husikika lawama ileile: "Wamefungulia bwawa." Wengi huwaza mlango wa chuma na afisa anayeuinua usiku.

Masinga, bwawa kubwa kuliko yote ya Mto Tana, lililokamilika 1981, haliko hivyo. Njia yake ya kumwagia maji ya ziada ni ukingo usio na milango. Kina kikipita mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, maji yanafurika yenyewe kuelekea mabwawa yaliyo chini yake: Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kabla ya hapo, bwawa huwa limeshazuia mita za ujazo zipatazo bilioni 1.5, maji ambayo yangekuwa tayari yameshafika mashambani.

Tena, Mutonga na Kathita, mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya, huingia Tana baada ya Kiambere, chini ya mabwawa yote matano. Na mwaka 1961, Kindaruma, la kwanza kati ya mabwawa hayo, ikiwa bado haijajengwa, Tana ilifurika vibaya sana.

Hata hivyo taasisi za serikali zina wajibu mzito. KenGen, kampuni inayoendesha mitambo ya umeme ya mabwawa hayo, huona kina kikipanda kabla ukingo haujafurika, na maji huchukua siku kadhaa kufika Garsen, mji wa Tana ya chini. Muda huo unatosha kuhamisha watoto, mbuzi na magunia ya mahindi, mradi onyo limfikie mkulima wa Kipokomo na mfugaji wa Kiorma mapema, kwa lugha anayoielewa. Nadhani wakazi wadai hilo, kwa sauti.