Goita Haitibiwi kwa Kuongeza Chumvi

Goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, ikitajwa Kisumu hii, jibu huwa moja: "Ongeza chumvi." Nalisikia soko la Kibuye, nalisikia kwenye matatu za Kondele, na wiki hii nimelisikia kwa mama aliyefika kliniki shingo imefura, moyo unakimbia, amekonda, mikono inatetemeka hadi kikombe kinamshinda. Jirani alimshauri akoleze chumvi, naye akakoleza tangu mvua zianze. Jirani alimtakia mema, lakini ushauri huo unaumiza watu.

Ukweli uliomo ni huu. Thairoidi, ndiyo tezi hiyo ya shingoni, hutengeneza homoni zake kwa madini ya iodini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Iodini ikipungua, thairoksini, homoni kuu ya thairoidi, hushuka; pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo, huongeza TSH, homoni inayoiamrisha thairoidi ifanye kazi, na thairoidi inayosukumwa hivyo mwaka baada ya mwaka hukua. Goita nyingi za nyanda za juu zilitoka huko, ndiyo maana tangu 1978 sheria ya Kenya inataka chumvi itiwe iodini. Kwa hiyo ukipikia chumvi ya paketi, upungufu wa iodini si jambo la kwanza ninalolifikiria nikiona shingo yako.

Sasa jambo ambalo nalirudia kila siku: ukubwa wa tezi hausemi inatoa homoni kiasi gani. Tezi kubwa inaweza kutoa kidogo mno, kupita kiasi, au sawasawa kabisa. Kwenye ugonjwa wa Graves, kingamwili, protini za kinga ya mwili, hushika kipokezi cha TSH kwenye thairoidi, pale TSH inapopokelewa, na kukiamsha. Pituitari inaona homoni zimezidi, inanyamaza, TSH inakaribia sifuri, lakini tezi inaendelea tu kwa kuwa anayeiamrisha sasa si pituitari. Tezi hiyo ukiizidishia iodini unaipa malighafi. Halafu kuna goita za zamani zenye vinundu. Baadhi ya vinundu hivyo vimeshajitawala, havingoji TSH, na mzigo wa iodini unaweza kuvifyatua hadi moyo upoteze mpangilio wa mapigo.

Tezi yenye afya ikipewa iodini nyingi ghafla huacha kutengeneza homoni kwa siku kadhaa, kisha hurudi kazini. Watafiti Wolff na Chaikoff walilieleza hili 1948. Tezi yenye ugonjwa wa Hashimoto, ambapo kinga ya mwili huishambulia tezi yenyewe, inaweza kushindwa kurudi. Kwa hiyo iodini ile ile inayompandishia mmoja homoni humshushia mwingine, na kwa macho huwezi kujua wewe ni yupi. Pima TSH na thairoksini huru (ile isiyoshikwa na protini za damu) kwanza. Shinikizo la damu linaloletwa na chumvi hiyo sitaligusa leo.

Watu wa Busia na Teso, msiache ugali wa muhogo. Muhogo usiolowekwa vizuri huzuia iodini kuingia kwenye tezi, lakini madhara huonekana hasa pale iodini yenyewe ni haba. Lowekeni, kausheni, kuleni.

Kinachonisumbua mimi ni TSH iliyopanda kidogo, tuseme 6, huku thairoksini ikiwa ya kawaida. Vitabu huchora mstari wa nani atibiwe na nani aachwe. Mimi mbele ya mgonjwa mara nyingi sina uhakika. Utafiti mkubwa wa 2017 kwa wazee wa hali hiyo haukuona vidonge vya thairoksini vikiwapunguzia uchovu, kwa hiyo mzee huwa namwacha na kumfuatilia. Msichana anayetafuta mimba huwa naelekea kumtibu, kwa sababu miezi ya kwanza mtoto hutegemea thairoksini ya mama. Ninapokwambia turudie kipimo baada ya wiki sita, sikuzungushi. Nusu ya thairoksini huchukua wiki nzima kuisha mwilini, na TSH hufuata polepole.

Usingoje kliniki ya mwezi ujao kama sauti imekwaruza, chakula kinakwama, unakosa pumzi ukilala chali, au kinundu ni kigumu na kinakua. Na kama umeshaandikiwa thairoksini, imeze asubuhi kwa maji matupu, kisha subiri nusu saa au zaidi kabla ya chai ya maziwa. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vipishane nayo kwa muda wa saa nne.