Presha ya mimba haiishi siku ya kujifungua: maswali ya kina mama, na mengine ya manesi wenzangu

Presha ya mimba ni nini?
Ni presha inayofika 140/90 au kuzidi, inaanza baada ya wiki 20 za ujauzito kwa mama ambaye hakuwa nayo kabla. Ikiambatana na protini kwenye mkojo, au figo na ini vikianza kuathirika, hiyo ndo ya hatari, na mama akianguka degedege ndo kifafa cha mimba chenyewe. Sio pepo wala hajarogwa na mtu.

Si inaisha ukishajifungua?
Hapana. Hili nalisikia kila wiki na linaniuma zaidi likitoka kwa nesi mwenzangu, mama anapewa ruhusa anaambiwa "ushazaa, imeisha hiyo, nenda kalee mtoto". Kweli kondo likitoka ugonjwa unaanza kupoa, lakini presha mara nyingi inapanda tena siku ya 3 mpaka ya 6, na hapo mama yuko zake nyumbani anapikiwa mtori na hakuna anayempima. Degedege nayo inaweza kumkuta hata wiki kadhaa baada ya kuzaa. Kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, maumivu juu ya tumbo, pumzi inabana, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku usiku, msikae kusubiri mume arudi safari wala mama mkwe aamue.

Wiki 6 zimepita na presha imeshuka, sasa si ndo imeisha?
Hapana, narudia tena, hapana. Presha imeshuka lakini mwili umeshaonyesha kwamba mishipa yako ya damu na moyo vina udhaifu. Mwanamke aliyewahi kupata hali hii uwezekano wake wa kuja kupata presha ya kudumu ni kama mara 3 mpaka 4 ya mwenzake ambaye hakupata, ugonjwa wa moyo na kiharusi ni karibu mara 2, na moyo kushindwa kusukuma damu karibu mara 4. Ukizalishwa mapema kwa sababu ya presha, au ikikurudia mimba zaidi ya moja, hatari inazidi. Na msidhani ni mambo ya uzeeni, wengine presha inawarudia ndani ya miaka michache, hata 40 hawajafika.

Mbona mimi hospitali hawakuniambia?
Kwa sababu wengi wetu tumefundishwa kuiona kama shida ya wodi ya wazazi tu. Sindano ya magnesiamu, ile ya kuzuia degedege, tunaijua vizuri, kinachofuata miaka 10 mbele hatukijui, au tunakijua na hatusemi. Mkunga anadhani ni kazi ya daktari wa moyo, na daktari naye anampata mama wa miaka 38 ana presha, anamuuliza chumvi, anamuuliza ukoo, mimba zake hagusi kabisa. Jamani tuulize! Chama cha moyo cha Marekani kiliiweka presha ya mimba kwenye orodha ya vihatarishi vya moyo tangu 2011, hii sio habari mpya. Halafu mama huyu huyu analeta mtoto chanjo wiki ya 6, ya 10, ya 14, mtoto anapimwa uzito anachomwa sindano, na mama amekaa pale kwenye benchi mkanda wa presha haujamgusa mkono. Mpimeni. Na siku ya ruhusa andikeni kwenye kadi yake kwamba alipata presha ya mimba, wiki ya ngapi na ilifika ngapi, mwelezeni kwa mdomo pia.

Nilipewa vidonge, nikijisikia vizuri niache?
Usiache mwenyewe. Wala usibadilishe na kitunguu saumu na maji ya ndimu. Kama unaogopa kwa sababu unanyonyesha, zipo dawa zinazoendana na kunyonyesha, nifedipini mojawapo, uliza. Ikipita wiki 12 na presha bado iko juu, hiyo sio ya mimba tena, ni ya kudumu na inatibiwa hivyo.

Nikitaka mimba nyingine?
Onana na daktari kabla, na kliniki anza mapema sana, sio mwezi wa 6, maana aspirini ya dozi ndogo inayopunguza hatari inatakiwa ianze kabla ya wiki 20.

Mwanangu ana miaka 7, sijapima tangu hapo, nimechelewa?
Hujachelewa ila usiongeze siku. Nenda wiki hii upime presha, sukari na mafuta kwenye damu, kisha presha kila mwaka, na kila daktari au nesi unayemuona mwambie uliwahi kupata presha ya mimba hata kama hajakuuliza. Punguza chumvi, tembea, sigara acha kabisa. Ukikuta 140/90 au zaidi rudi upimwe tena siku nyingine na umuone daktari, usisubiri kichwa kiume kwanza kwa sababu presha mara nyingi haiumi popote.