Omu nyingi si roki nzito

Ujumbe huu hauishi kuzunguka katika vikundi vya wapiga gita wa Goma: ukitaka sauti ya roki nzito ya zamani, nunua mikro ya gita (kile kinasa mtetemo kilicho chini ya nyuzi) yenye omu nyingi kuliko zote, yaani ukinzani mkubwa wa umeme. Si kweli.

Mikro za koili mbili zilizopigiwa roki ya miaka ya 1970, nyingi zilipima kiloomu 7 hadi 9 hivi. Ule ukali ulitoka hasa kwenye ampli ya lampu (kikuza sauti cha taa za kioo) iliyofunguliwa sauti karibu hadi mwisho.

Kinachochanganya ni namba ya kwenye multimita, mita ya kupima umeme. Inaonekana kama nguvu, kumbe ni ukinzani wa waya tu. Waya mwembamba zaidi, kwa mizunguko ileile ya koili, huleta namba kubwa bila mikro kuwa na nguvu zaidi. Sumaku nayo ina neno lake, na mita haiioni. Tena mizunguko ikizidi, sauti za juu hufifia. Ukipiga nyuzi sita pamoja unasikia uji.

Umeme ukirudi, jaribu: shusha mikro milimita 2 kwa bisibisi, punguza disto (mkwaruzo wa sauti), ongeza sauti ya ampli, rekodi kwa simu kabla na baada. Ujumbe ule ukikufikia tena, usiusambaze. Mtumie aliyeuleta rekodi yako.